Meza ya kazi ya nyumbani: mbao sita kavu na boliti kumi na sita

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alituonyesha video kwenye simu yake. Ameshika randa, anasukuma, na meza yote inamfuata kama mkokoteni. Akirudi nyuma, meza nayo inarudi. Meza hiyo aliitengeneza mwenyewe kwa mbao alizonunua hapa kwetu, tena mbao za mkongo, nene na za bei, kwa sababu aliamini kwamba mbao nzito ndiyo meza imara. Kilichotuuma ni kwamba siku anazinunua hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anakwenda kutengeneza nini.

Wateja wa namna yake wanaongezeka katika karakana yetu hapa Dar es Salaam. Si mafundi wa kujipatia riziki. Ni mwalimu anayetengeneza vigari vya watoto jioni, mhasibu anayefufua redio za zamani, nesi mstaafu anayetengeneza mbuzi za nazi na kuzigawa kwa majirani. Wote wanahitaji kitu kimoja kabla ya kingine chochote: meza isiyocheza. Tunawaandikia ninyi.

Tuanze na sababu ya meza kuyumba, maana ukishaielewa hutanunua mbao usizohitaji. Chukua vijiti vinne, vipigilie msumari mmoja kila kona upate umbo la mraba, kisha usukume juu kwa kidole. Utalala ubavu papo hapo. Fanya hivyo kwa vijiti vitatu na hautalala hata ukitumia nguvu. Meza ya miguu minne ukiitazama kwa mbele ni ule mraba wa vijiti vinne, na msumari mmoja au boliti moja kwenye kona inafanya kazi ya bawaba. Hata mguu ungekuwa wa mvule wa inchi sita, bawaba ni bawaba. Kinachozuia meza kulala ni upana wa kiungo: mbao mbili zikutane kwenye eneo kubwa, zishikwe sehemu mbili zilizoachana, na nyuma kuwe na kitu cha kufanya kazi ya pembetatu.

Sababu ya pili ni ubichi wa mbao, na hapa inabidi tuseme la kwetu. Zamani tulikuwa tunashusha mzigo wa paini leo na kuuza kesho. Mbao ilikuwa bado nzito kwa maji, mteja anapigilia, inakaza vizuri, anafurahi. Baada ya miezi mitatu mbao imekauka na kunywea, msumari umebaki na tundu kubwa kuliko wenyewe, meza inaanza kulia. Ubao wa paini wa inchi sita ukikaukia ndani ya meza unaweza kupungua upana kwa milimita 3 hadi 4. Weka mbao nne kama hizo sambamba, na juu ya meza yako pamepungua zaidi ya sentimita moja. Urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Ni upana na unene tu. Ndiyo maana kiungo cha mbao mbichi hujilegeza chenyewe hata kama fundi alikuwa hodari.

Siku hizi mbao za wateja wa nyumbani tunazipanga bandani, kila safu na vijiti vya kuzitenganisha ili upepo upite, na tunaziacha miezi miwili hadi mitatu kabla hazijauzwa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo mbao haziwi kavu kama zingekuwa Dodoma: kwenye hewa ya unyevu wa asilimia 75 hivi, mbao hutulia kwenye maji ya karibu asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Hiyo inatosha kabisa, kwa sababu meza yako nayo itaishi kwenye hewa hiyohiyo. Kama umenunua kwingine na huna uhakika, kata kipande kifupi, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke ndani nyumbani, upime tena kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimetulia.

Sasa mbao gani? Paini. Mninga na mkongo ni mbao nzuri sana, na tunaziuza, lakini ziache kwa ajili ya kitanda na kabati. Meza ya kazi itapigwa nyundo, itamwagiwa gundi, itakatwa na msumeno kwa bahati mbaya. Paini nyingi tunayopata inatoka Mufindi na Njombe, upande wa Sao Hill na mashamba ya watu binafsi, na ubora wake unatofautiana kwa sababu baadhi ya miti hukatwa ingali michanga. Geuza mbao utazame kichwani: ukiona kiini cha mti, kile kidoti ambacho duara zote zinakizunguka, iache. Mbao yenye kiini hujipinda kama kamba inapokauka. Tazama pia urefu wake kwa jicho moja kama anayelenga shabaha. Na ukiona vitundu vidogo vyenye vumbi kama unga, imebunguliwa, usiiingize nyumbani.

Kuna wanaotaka mbao za dawa, zile za kijani za kuezekea, wakidhani zitakinga meza na mchwa. Tafadhali msifanye hivyo. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za namna hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki, na meza ya kazi ni kitu utakachokipiga msasa na kukitoboa kila wiki huku watoto wakiwa karibu. Vumbi lake si la kuvuta, na masalio yake si kuni za kupikia. Kwa mchwa, weka kila mguu juu ya kipande cha kigae na uchungulie chini mara kwa mara. Wakipanda utaona njia yao ya udongo.

Mahitaji yote ya meza yenye urefu wa sentimita 150, upana wa 58 hivi na kimo cha 85 ni haya: mbao nne za 2 kwa 4 na mbao mbili za 2 kwa 6, zote za futi 12. Ongeza boliti 16 za milimita 10, zenye urefu wa sentimita 12, na washa mbili kwa kila moja. Skrubu 16 za sentimita 10 na nyingine fupi kiasi kwa ajili ya juu. Gundi nyeupe ya mbao. Na kipande cha plaiwudi cha milimita 9 cha kuziba nyuma, ndicho kitakachofanya kazi ya pembetatu. Plaiwudi usinunue karatasi nzima ya futi 4 kwa 8. Uliza masalio, hapa tunayo kila siku. Bei hatuziandiki kwa kuwa hubadilika, hasa mvua zinapoharibu barabara za mashambani, lakini mbao sita za paini zitakugharimu sehemu ndogo tu ya pesa ambayo yule bwana alitumia kwa mkongo wake.

Siri ya meza hii iko kwenye miguu. Kutoboa tundu na kuchonga ulimi kwa patasi ni kazi ya fundi mzoefu, na anayeanza hukata tamaa hapo. Badala yake kila mguu unaundwa kwa mbao mbili zilizogandishwa pamoja. Ubao wa ndani ni mzima, sentimita 80.5. Ubao wa nje ni vipande viwili tu: cha chini sentimita 12, cha kati sentimita 49.5. Kati yao unaacha nafasi ya sentimita 9.5, na juu kabisa unaacha nafasi nyingine kama hiyo. Nafasi hizo mbili ni viti vya mbao ndefu zinazounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Mbao ndefu inakaa juu ya kile kipande, uzito unashuka kwenye mbao hadi sakafuni, boliti haibebi mzigo bali inabana tu. Umepata kiungo cha fundi bila kushika patasi.

Angalizo moja linalookoa siku nzima: 2 kwa 4 ya sokoni si lazima iwe na upana wa sentimita 9.5. Nyingine ina 9, nyingine 10. Pima za kwako kwanza, na wakati wa kugandisha mguu chomeka kipande cha mbao ileile katika nafasi ili iwe saizi yake hasa, kisha kichomoe kabla gundi haijashika. Huna klampu? Kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe ukanda mrefu, uvute kwa nguvu, uzungushe kwenye mguu mara nyingi, uache hadi kesho. Unabana vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Mbao ndefu ziko nne, kila moja sentimita 125: mbili mbele, mbili nyuma. Kila ncha inashikwa na boliti mbili zilizokaa mshazari, moja juu kushoto, nyingine chini kulia, zilizoachana kadiri mbao inavyoruhusu bila kukaribia ukingo. Hapo ndipo bawaba inakufa. Tunasisitiza boliti badala ya misumari kwa sababu mbili. Ya kwanza, mbao ikinywea unachukua spana na kukaza. Ya pili, wengi wetu tumepanga; siku ya kuhama unatoa skrubu za juu na plaiwudi ya nyuma, unafungua boliti 16, meza inapita kwenye mlango wowote.

Mbao fupi, nne za sentimita 58, zinaunganisha mguu wa mbele na wa nyuma, juu na chini, kwa upande wa nje. Hizi ni za kudumu: gundi na skrubu mbili kila ncha. Skrubu zilenge ule ubao mzima wa mguu. Zikielekea kwenye ncha ya mbao ndefu zitaingia kirahisi na kukudanganya, kwa maana skrubu inayofuata nyuzi za mbao haishiki. Toboa tundu dogo kwanza ili mbao isipasuke.

Kabla ya kukaza kitu chochote hadi mwisho, pima kona kwa kona, kisha kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, sukuma kona ile ndefu taratibu, pima tena, ndipo ukaze na kupigilia plaiwudi ya nyuma.

Juu panalala vipande vinne vya 2 kwa 6, kila kimoja sentimita 150, na katikati chini yake mkingamo wa sentimita 49 unaotoka kwenye masalio. Msivibane vipande hivyo kabisa. Acheni upenyo wa milimita 3 kati ya kimoja na kingine, ili vipate pa kupumulia wakati wa masika. Skrubu moja katikati ya upana wa kila kipande, kwenye mkingamo na kwenye kila mbao fupi ya juu, na kichwa kizamishwe kama sentimita moja, la sivyo siku moja randa itakikuta. Unene hapa una maana kuliko aina ya mbao: ubao ukiwa na unene mara mbili, ukaidi wake wa kupinda huongezeka mara nane. Paini ya inchi mbili haitetereki pale ambapo mninga wa inchi moja unadunda.

Masalio ya 2 kwa 6 yakatwe sentimita 58, yalale juu ya mbao ndefu za chini, na hapo weka mfuko wa mchanga. Uzito huo ulikuwa ndio sababu pekee ya maana ya kutaka mkongo, na mchanga ni rahisi zaidi.

Kuhusu kimo, 85 ni kwa mtu wa kawaida anayepiga randa. Simama wima na viatu vyako vya kazi, ning'iniza mkono, kunja kiganja kilale sambamba na sakafu: hapo ndipo juu ya meza panapofaa. Anayefanya kazi za macho, kama redio au saa, aongeze sentimita 10 hivi ili asiinamie kazi. Kuongeza ni kwenye kipande cha kati na ubao mzima wa mguu tu.

Jiliwa la chuma, kile kibanio cha skrubu kinachofungwa mezani kushika kazi, ni ghali na si lazima kuanza nalo. Wachongaji wa milango kule Zanzibar utawakuta wameketi chini, kazi imetulizwa kwa mguu na uzito wake wenyewe, na kazi yao inajulikana. Funga kibao chembamba mwishoni mwa meza kiwe kizuizi cha kusukumia mbao. Kata kibao kingine mkato wa V, kibane nyuma ya kazi yako, na mbao haitazunguka tena. Kwa kuwa miguu na mbao ndefu za mbele ziko usawa mmoja, ubao mrefu unaweza kuubana wima kwenye uso huo kwa klampu mbili.

Ukituletea kimo chako na urefu wa ukuta utakapoiweka meza, tunakukatia vipande vyote siku hiyohiyo, tunaviandika namba kwa penseli, na matundu ya boliti tunayatoboa kwa mashine ili yawe wima. Kugandisha na kukaza utafanya mwenyewe nyumbani kwa siku mbili za mapumziko. Mwezi mmoja baadaye pitisha spana kwenye boliti zote 16. Yule bwana wa video amesharudi. Mkongo wake hatukuutupa, tulimkatia nafasi za viti kwenye miguu ileile, tukamwongezea boliti na plaiwudi ya nyuma.