Bwana Mkuu, bwati ya vitesi haijafa

Kwa Bwana Mkuu wa magari ya huduma,
Lubumbashi

Bwana Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima. Jina la ofisi yako silitaji; utajitambua mwenyewe kwa ile kamyoneti nyeupe iliyolala uwanjani kwenu.

Mimi ni fundi wa magari, komine ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja aliyoniletea shofa wako, imekunjwa mara nne kama ya mtoto aliyeanguka mtihani. Inasema mshahara wake utakatwa kila mwezi mpaka bwati ya vitesi (giaboksi) ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika, mnayotaka kununua iishe kulipwa, kwa kuwa "ameua" ile ya zamani. Nimeisoma mbele na nyuma. Hakuna mstari unaosema ni nani aliyelala chini ya gari akaangalia.

Mimi nililala. Siku ile ya mvua, kabla hamjaja kuivuta, kamyoneti ilikwama mbele ya garaji yangu ikiwa na vijana wa kuzibua mitaro nyuma. "Papa Fundi, vitesi zimekataa," shofa akaniambia, yaani gia haziingii.

Nikazima moto wa injini. Nikakanyaga ambreyaji (klachi, kwa wenzetu wa Kigoma), nikapitisha vitesi moja moja, ya kwanza hadi ya tano, kisha ya nyuma. Zote ziliingia bila kubembelezwa. Nikawasha moto. Hapo ya kwanza ikagoma, na ya nyuma ikasaga mpaka wale vijana wakaziba masikio. Vitesi ya nyuma kwenye bwati nyingi haina sinkro (pete ya shaba inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), ndiyo maana inatangulia kulia ambreyaji isipoachia vizuri. Nikapampu pedali mara tatu harakaharaka, ya kwanza ikaingia.

Bwana Mkuu, bwati iliyokufa haifufuki kwa kupampu pedali.

Nikaingia chini. Ubavuni mwa bwati kuna pompu ndogo inayosukuma uma wa ambreyaji. Nilipovuta kofia yake ya mpira, mafuta meusi yalinitiririkia hadi kwenye kiwiko. Juu, kwenye kikopo, mafuta yalikuwa chini ya alama. Yale ni mafuta ya breki, na mafuta ya breki hunywa unyevu. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, kutu huanza ndani ya pompu na mipira hulika. Mafuta yanatoka, hewa inaingia, ambreyaji haiachii tena sawasawa. Kubadilisha mipira, au pompu yenyewe kama imechimbika ndani, ni kazi ya asubuhi moja. Na mkifunga bwati ya okazyo mkaiacha pompu hiyohiyo, itasaga vilevile siku ya kwanza. Hapo mtamkata nani?

Fimbo ya vitesi nayo inacheza kama mwiko kwenye sufuria ya bukari. Ni kikombe cha plastiki kule chini yake kilicholika, kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Siapi kwamba ndani ya bwati kila kitu ni kizima, kwani sikuiendesha barabarani. Pompu ikishatengenezwa, kama vitesi ya pili peke yake itasaga gari likitembea, mimi wa kwanza nitasema sinkro yake imechoka. Hata hivyo, kabla ya kuifungua mwageni mafuta yake kwenye sahani nyeupe, mtazame kama kuna unga wa shaba. Na mwulizeni anayenunua mafuta hayo kama alisoma kitabu cha gari: bwati inayotaka mafuta ya daraja la GL-4 ukiipa ya GL-5 yoyote tu, dawa iliyomo inaweza kula shaba ya sinkro. Huyo si shofa.

Shofa naye ana kosa lake: anaendesha huku mkono umelala juu ya fimbo, na hiyo hula uma wa ndani ya bwati polepole. Nilimgombeza mbele ya watu, akanyamaza. Lakini pompu haikuvuja kwa mkono wake.

Ninachoomba ni karatasi ile isimamishwe, na jaribio lirudiwe uwanjani kwenu, moto ukiwa umezimwa kisha umewashwa, shofa akiwepo. Nitakuja na funguo zangu. Ninyi leteni mipira ya pompu, chupa moja ya mafuta mapya ya breki, na mtu wa kukanyaga pedali wakati mimi niko chini natoa hewa.

Fundi wa komine ya Kenya