Laptopu inakuja na basi, mwanangu

Morogoro

Mwanangu mpenzi Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu, na bibi anauliza kila siku kama huko Lindi unakula vizuri. Laptopu nimeikabidhi kwenye basi, risiti nimekutumia WhatsApp. Nimeifungua nikaisafisha, na ile diski ya zamani ya kuzunguka nimeitoa nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kwa hiyo haitakuchosha kusubiri iwake.

Sasa nisikilize, mama. Hizo hadithi unazozirekodi kwa wazee ndizo zilizonifanya nikae kuandika kirefu hivi. Laptopu ikifa nitakutafutia nyingine. Mzee aliyekusimulia maisha ya utotoni mwake, siku ukirudi kumwomba aanze upya huenda usimkute.

Ukiiwasha utaona sura ngeni. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kuliko hii yako. Wateja wangu wengi wameambiwa watupe mashine nzima, jambo linaloniumiza, kwa sababu nyingi bado ni nzima kabisa. Nimekuwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, ina Firefox ya kuingilia mtandaoni na LibreOffice ya kuandikia, na kwa mtu wa kuandika inatosha. Ikikuomba masasisho, yakubali, hata kama yanakula bando. Ndiyo yanayoziba matundu ya wezi.

Faida yake nyingine utaiona ofisini kwa walimu. Unakijua kile kirusi cha flashi kinachogeuza mafaili yote kuwa vishale vya njia ya mkato? Hapa dukani watu wanakuja wanalia, mtihani umepotea, tena wengine wameshafomati flashi kwa hofu. Mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Kirusi hicho kimetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo ukichomeka flashi kwenye Linux hakipati pa kukimbilia, na mafaili yaliyofichwa kwa kawaida unayaona yamekaa pale pale. Angalia pia folda isiyo na jina, wakati mwingine huwa yamesukumiwa humo. Yanakili kwanza kwenye laptopu, ndipo uifomati flashi. Utawasaidia wenzako wengi.

Joto ndilo adui mkubwa wa mashine yenyewe. Usiiweke kwenye godoro wala kwenye mto wa kulalia, maana matundu ya hewa yako chini, weka mezani. Ukisikia feni inavuma wakati unaandika maneno tu, vumbi limejaa. Mpe fundi aifungue, lakini simama hapo hapo: asiipulizie feni hewa huku ikizunguka ovyo, aizuie kwa kijiti kwanza. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, unakula vyuma polepole, kwa hiyo ndani ya begi weka vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kioo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kamwe usinyunyizie maji moja kwa moja. Umeme ukikatika, chomoa chaja, usubiri urudi na utulie. Na siku padi ya kipanya ikiinuka au mfuniko wa chini ukakataa kukaa sawa, jua betri inavimba: zima, usiichaji tena, usiitoboe, nipigie.

Tuje kwenye blogu ya hizo hadithi. Umeniuliza uifungue kwenye Blogger au WordPress. Zote zinafaa kuanzia bure. Kwako nachagua WordPress, kwa sababu ukitaka kuhama baadaye na kuwa na tovuti yako mwenyewe, njia ya kutoka iko wazi. Watu wanajisahau hapo. Typepad, huduma nyingine ya blogu, ilikuwepo tangu 2003, watu waliandika humo miaka na miaka, na tarehe 30 Septemba 2025 ikafungwa. Waliochelewa kuchukua maandishi yao waliyakosa.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, ukishapokea mshahara, ingia sehemu ya zana, chagua kuhamisha maudhui nje, upakue faili la XML. Lakini tahadhari: faili hilo lina maneno na maoni ya wasomaji, picha zenyewe hazimo, zimo anwani zake tu. Picha na sauti za wazee ziwe na nakala tatu: moja ndani ya laptopu, moja kwenye diski ya nje niliyoifunga kwenye soksi humo kwenye boksi, na moja mbali, Google Drive au kwangu. Diski ya nje usiibebe kwenye begi moja na laptopu. Mwizi akichukua begi amechukua vyote.

Picha za simu ni nzito mno, moja inaweza kufika MB 4. Zipunguze upana uwe pikseli 1200 kabla ya kuzipandisha. Msomaji wa kijijini anayenunua bando la mia tano hatasubiri. Themu, yaani sura ya blogu, chagua nyepesi. Programu-jalizi, zile programu ndogo za kuongezea tovuti uwezo, siku ukiwa na tovuti yako mwenyewe weka chache unazozitumia kweli na uzisasishe, maana wavamizi hupenda kuingilia zile zilizoachwa zikazeeka. Nywila ya blogu isiwe ile ya barua pepe, na zote mbili ziwekee uthibitisho wa hatua mbili.

Jambo moja la kisheria. Tangu 2018 tuna kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Kabla hujachapisha ya kwanza, waulize kama blogu ya hadithi inahitaji leseni. Na wazee nao uwaombe ruhusa, waelewe kwamba dunia nzima itasoma.

Chaja iko chini kabisa ya boksi, chini ya korosho za bibi ulizomwachia; amesema meno yamegoma. Jumapili saa nne nitakuwa nyumbani, nipigie tufungue akaunti pamoja. Wasalimie walimu wenzako.

Mama yako