Maziwa hayazibui mlango uliozibwa na bunju

Mhariri,

Barua ya wiki iliyopita iliyowashauri wavuvi wa Msimbati wampe maziwa mtu aliyekula bunju (samaki wa sumu anayejivimbisha), eti kalsiamu iliyomo "huamsha mishipa ya fahamu", imeshika neno la kweli ikalipeleka pabaya.

Kalsiamu ina kazi kweli, ila haiingii ovyo. Utando wa seli una vijilango vya protini. Mshipa wa fahamu ukitulia, ndani yake umeme uko chini ya nje kwa milivolti 70 hivi. Tofauti ikipungua hadi karibu 55, vijilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu ikamiminika ndani, kisha vikajiziba baada ya muda kama elfu moja ya sekunde. Wimbi hilo la umeme hukimbia hadi ncha ya mshipa, ambako vijilango vya kalsiamu vinangoja umeme huohuo. Nje kalsiamu ni nyingi kuliko ndani mara elfu kumi hivi, kwa hiyo mlango ukifunguka huingia kwa kishindo na kuachia kemikali inayouamrisha msuli ukaze. Hapohapo huvisaidia kufunguka vijilango vya potasiamu vinavyosikiliza umeme na kalsiamu kwa pamoja; potasiamu ikitoka, umeme hushuka na kalsiamu hufungiwa mlango. (Wanasayansi Hodgkin na Huxley walipiga hesabu ya sodiamu na potasiamu mwaka 1952 kwa mshipa wa ngisi, ndugu wa hawa wanaouzwa soko la samaki la Feri.)

Sumu ya bunju hukaa kama kizibo kwenye mdomo wa nje wa kijilango cha sodiamu. Wimbi halianzi, na kalsiamu hata ijae ndoo hubaki ikingoja mlango usiopata amri. Tena koo lililokufa ganzi humeza vibaya: maziwa yataishia mapafuni.

Moto wa jikoni hauivunji sumu hii, wala ndimu. Imejaa hasa kwenye ini na mayai. Miligramu moja au mbili zinatosha kuua mtu mzima. Ganzi ya midomo na ulimi mara nyingi huanza kati ya dakika 10 na 45, kisha viungo hulegea, mwisho pumzi. Mgonjwa asiyeweza hata kupepesa kope huenda anasikia kila neno, kwa hiyo msimwanzie kilio.

Dawa ya kuizibua haipo. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali yenye mashine ya kupumulia bila kungoja alegee. Pumzi ikikata, mlazeni chali na mpulizieni mdomoni njia nzima: vijilango vya sodiamu vya moyo havizibwi kirahisi na sumu hii, hivyo moyo huweza kuendelea kupiga mradi hewa inafika.

Msomaji, Mikindani, Mtwara