Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chama cha Wanafunzi wa Elimu ya Nje na Jasura, Nairobi, Mwaka 2025

Mlezi wetu, wanakamati wenzangu na wanachama wote mnaosomea kuongoza watu porini na milimani, mlio hapa jijini na mlio vyuoni nje ya Nairobi, salamu.

Taarifa hii ilikuwa isomwe Novemba. Haikusomwa kwa sababu mkutano mkuu ulikosa akidi. Kati ya wanachama 71 walifika 16, na baadhi ya hao walikuja kuuliza mahema yanakodishwa kwa bei gani. Tulingoja hadi saa nane na nusu, chai ikapoa, mlinzi wa ukumbi akaanza kupanga viti. Ndiyo maana inawafikia kwa maandishi, asije mtu akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulitembea Ngong, Karura na Longonot, tukapanda miamba ya Lukenya, tukapokea wanachama wapya 6, na mafunzo ya ramani na dira yakafanyika kama yalivyopangwa. Tulisaidia pia shule moja kuendesha safari ya wanafunzi wa Tuzo ya Rais, ule mpango wa vijana wa ngazi za Shaba, Fedha na Dhahabu; yetu ilikuwa ya Shaba, ile ya siku mbili na usiku mmoja. Kazi hiyo ililipa vizuri, na niseme tu kwamba aliyekwenda kuzungumza na mwalimu mkuu ni mimi, kwa nauli yangu. Shughuli iliyojaza watu ni ya Karura, lakini tusidanganyane, siku ile kulikuwa na nyama choma.

Sasa niingie kwenye jambo lililowanyima wengine usingizi.

Mwezi wa Juni kamati tendaji iliamua, kwa kura tano dhidi ya mbili, kuahirisha safari ya Mlima Kenya na kutumia sehemu kubwa ya Mfuko wa Mlima kulipia kozi ya saa 80 ya huduma ya kwanza ya porini. Tangu siku hiyo kundi letu la WhatsApp halijatulia. Nimeitwa dikteta. Nimeitwa mwoga. Kuna aliyeandika kwamba mwenyekiti anaogopa baridi. Nilinyamaza kwa heshima ya kiti, leo najibu.

Tuanze na safari yenyewe. Mpango ulikuwa tuondoke Nairobi Ijumaa alfajiri, tuingilie lango la Sirimon, tulale kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300. Jumamosi tupande hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200 hivi. Usiku wa kuamkia Jumapili tuelekee kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha tushuke mbio tuwahi mihadhara ya Jumatatu. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Sisi tulitaka kupandisha 900 kwa mpigo. Wapo waliofanya hivyo wakarudi salama, sibishi. Wapo pia wanaoanza kuumwa na kichwa, wakatapika, na kwa wachache mapafu hujaa maji au ubongo huvimba, na hapo tiba ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa bila kungoja kupambazuke. Niliuliza kikaoni ni nani kati yetu anayeweza kumtofautisha mtu aliyechoka na mtu ambaye ubongo wake unavimba. Katibu ameandika kwenye kumbukumbu kwamba hakuna aliyejibu. Kumbukumbu zipo, mje mzisome.

Wanaonipinga wana hoja moja yenye uzito, nayo ni ya daftari la safari. Walisema bila siku za mlimani mwanafunzi wa fani hii hana la kuonyesha. Ni kweli kwamba kule Uingereza, anayetaka kutahiniwa cheti cha Mountain Leader, yaani cha kuongoza watu milimani, lazima awe na siku za mlimani zisizopungua 40 kwenye daftari lake. Lakini masharti yasomwe hadi mwisho. Siku inayohesabiwa ni ile uliyoshiriki kuipanga, ukatafuta njia kwa ramani, ukabeba sehemu ya uongozi. Kumfuata mwongozaji gizani, macho kwenye visigino vyake hadi Lenana, ni matembezi mazuri sana, ila hayamfanyi mtu kiongozi. Ukipewa ramani na kundi la kuliongoza utajifunza zaidi huko Ngong, na nauli ni ya matatu.

Na mwajiri wa hapa kwetu anataka nini? Niliwapigia simu waendesha kambi za shule wa Naivasha na Sagana, kwa salio langu. Wote waliuliza yale yale: una cheti cha huduma ya kwanza ambacho hakijaisha muda, una cheti cha maadili mema, unajua kuogelea? Kuhusu vilele nilivyofika, hakuna aliyeuliza.

Mliosema kwamba kozi ilikuwa ya kukaa darasani mngekuwepo siku ya zoezi la machela. Tulipewa kamba, majaketi na vijiti vya kutembelea, tukaambiwa mwenzetu amevunjika paja bondeni na gari halifiki. Leso ya mama mmoja aliyekuwa akituuzia chapati ndiyo iliyomfunga mguu, na godoro la kulalia kambini likakunjwa likawa gango la kuushikilia usicheze. Watu sita tulimbeba kwa zamu. Kila dakika chache mkufunzi anasimamisha kila kitu, anataka mapigo ya moyo yaandikwe pamoja na saa, na asiyeandika anarudishwa mwanzo wa njia na machela yake. Tulipofika barabarani kuna kijana mpanda miamba hodari aliyeketi kwenye nyasi na kusema hataongoza kundi tena bila kujua gari la karibu liko wapi.

Siku nyingine nzima hatukugusa bandeji. Ilikuwa ya kuamua lini kundi ligeuzwe. Tulichambua korongo la Hell's Gate, ambako mafuriko ya ghafla yaliua vijana wa kanisa mwaka 2012 na yakaua tena mwaka 2019. Mvua hunyesha mbali huko juu, aliye chini kati ya kuta za mawe haioni, na maji yakifika hana pa kupandia. Mwanafunzi anayetaka kesho kukabidhiwa watoto 40 wa watu asipofundishwa hayo, tunamfundisha nini?

Kuna pia manung'uniko kwamba waliochaguliwa 12 ni marafiki wa mwenyekiti. Kigezo kilitangazwa: awe amelipa ada yote kufikia tarehe 31 Mei, na awe tayari kuongeza 6,000 kutoka mfukoni. Waliotimiza la kwanza walikuwa 17, waliokubali la pili 12. Kama marafiki zangu ndio wanaolipa ada, nashukuru kwa kupewa marafiki wa namna hiyo. Ndiyo, na mimi nilikuwa kati ya 12. Mlitaka nikae nje nikilinda viatu vyao?

Jambo la kamba nalo niliseme nilimalize. Kamba ya zamani ya kupandia ilikatwa vipande Lukenya mbele ya wote, na kisu nilishika mimi. Najua ilionekana nzima, haina hata mkwaruzo. Lakini utepe wa kwenye ncha ulionyesha mwaka wa kutengenezwa, na watengenezaji wenyewe wanasema kamba isipite miaka 10 hata kama imelala kabatini. Ningeiacha nzima ingerudi mwambani siku nisiyokuwepo. Anayetaka kipande cha kuanikia nguo, vipo stoo.

Upande wa fedha. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 29, nusu 14, na 28 hawajatoa hata senti. Ada zilizoingia ni 72,000, na bado tunadai 70,000. Ukijumlisha zilizoingia na kiingilio cha wanachama wapya 3,000 na baki ya mwaka juzi 31,000, ukatoa matumizi ya kawaida pamoja na kamba mpya 83,500, inabaki 22,500. Mfuko wa Mlima ulikuwa na 118,000 kutokana na kukodisha mahema na ile kazi ya shule. Kozi iligharimu 168,000, mfuko ukatoa 96,000 na washiriki 72,000, na umebaki na 22,000. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina.

Hapo kwenye 28 sitapita haraka. Kati yao wamo walioandika marefu zaidi kuhusu fedha za chama. Nikituma tangazo la kikao, tiki za buluu zinajaa na ukumbini nawakuta watu tisa. Nikituma picha ya theluji ya kilele cha Batian, mioyo inamiminika. Kuna aliyeniomba barua ya utambulisho kwa ajili ya mafunzo ya nyanjani huku akidaiwa ada ya miaka miwili. Nilimwandikia, kwa sababu masomo ni masomo, lakini mwaka huu katibu ataangalia daftari la ada kabla ya muhuri.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kwenda Mlima Kenya kwa siku tano au zaidi. Tunatarajia pia kupata kazi za Tuzo ya Rais ngazi ya Dhahabu, zenye safari ya siku nne, na kuzungumza na shule za sekondari ya juu zenye mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Vyeti vya porini huisha muda baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo kozi ya kuvihuisha nayo itaangaliwa mfuko ukiruhusu.

Namshukuru mlezi kwa ukumbi, na mweka hazina kwa uvumilivu. Mkutano mkuu wa marudio ni Jumamosi ya mwisho ya Februari, akidi ni watu 24, na uchaguzi utafanyika siku hiyo hiyo. Anayekitaka kiti hiki achukue fomu kwa katibu, akiwa na stakabadhi ya ada mkononi.

Mwenyekiti
Nairobi, Januari 2026