Risala ya Baraza la Ushauri la Shule kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi, Kisiwani Pate

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, Mwalimu Mkuu na walimu wote, masheikh na wazee wetu, mama zetu, wanafunzi wetu wapendwa, assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya Baraza la Ushauri la shule hii, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua kwamba safari ya kutoka Lamu mjini si nyepesi, na kwamba wapo waliowahi kualikwa wakaghairi walipoambiwa wasubiri maji yajae ndipo boti ipite Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari ulio njiani. Wewe ulisubiri, ukaja. Hilo kwetu ni jambo kubwa, na tunakushukuru kabla hujatamka neno.

Shule yetu ilianza na madarasa machache yaliyojengwa na wazazi kwa mawe ya hapa hapa kisiwani, ikapata usajili, ikaongezewa walimu, na mwaka huu wa 2026 imepokea wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10. Katika muda huo tumepiga hatua za kujivunia. Madawati yote yaliyovunjika yamekarabatiwa na wanafunzi wenyewe chini ya fundi mmoja mzazi, timu yetu ya kandanda imekuwa tishio katika kata nzima, na maktaba yetu, ijapokuwa ni kabati mbili katika chumba cha walimu, inatumika kila siku kuliko maktaba nyingi zilizo kubwa kuiliko. Vilevile hesabu ya mapato na matumizi hubandikwa ukutani kila mwisho wa muhula, mzazi yeyote akaisoma na kuuliza. Tunaamini kwamba huo ni mfano wa kuigwa katika kaunti yote.

Mheshimiwa, haja tunayoileta mbele yako haikuokotwa asubuhi ya leo, kwa hiyo tunaomba ruhusa tueleze ilivyopatikana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa Bodi ya Usimamizi mamlaka ya kuendesha shule. Baraza letu halitii saini hundi wala halishindani na Bodi. Ni wazazi, walimu, wawakilishi wa wanafunzi, wanafunzi wa zamani na wazee wa mtaa wanaoketi pamoja kila muhula kuamua lipi litangulie na lipi lisubiri, kisha wakaipelekea Bodi ushauri wao kwa maandishi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mgao wa serikali uliowekwa kwa kila mwanafunzi wa shule ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka, nao umepangwa kuja kwa mafungu, nusu yake muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu. Fungu likichelewa, mipango yote huchelewa nalo. Na hata likifika, fedha za vitabu ni za vitabu na za ukarabati ni za ukarabati, hivyo kinachobaki kwa jambo jipya huwa kidogo mno.

Kwa sababu hiyo Baraza lilijiwekea masharti. Kila anayeleta pendekezo huulizwa mambo matatu: je, kukosekana kwa kitu hicho kunasimamisha masomo, ni mwanafunzi gani anayeumia zaidi kikikosekana, na kikishapatikana, nani atakitunza na kwa fedha gani? Katika kikao chetu cha mwisho palikuwa na mapendekezo ya lango jipya, boti ya kuwapeleka wanafunzi michezoni, ukuta wa kuzunguka uwanja, vifaa vya maabara na maji. Mzee mmoja alilitetea lango kwa hoja nzito, nasi tulimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Lakini walio wengi walikuwa upande wa maabara, kwa kuwa Gredi ya 10 wamekuja na mkondo wa sayansi, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe asomee sayansi ubaoni.

Hapo ndipo mwalimu wa kemia alipoinuka. Alileta neli mbili za kioo, moja ina maji ya kisima chetu na ya pili ina maji ya mvua aliyoyaomba nyumba ya jirani. Akatia kila moja matone machache ya nitrati ya risasi, dawa ambayo watahiniwa huitumia kutambua chumvi waliyopewa katika mtihani wa vitendo. Maji ya mvua yalibaki kama yalivyo. Maji ya kisima yaligeuka meupe mfano wa maziwa, kabla hajatia chumvi yoyote ya kuchunguzwa, kwa sababu ya kloridi iliyomo ndani yake. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayefanya jaribio kwa maji yetu huandika jibu analoliona kwa macho yake, nalo likawa kosa. Wale waliokuwa wakiitetea maabara ndio waliokuwa wa kwanza kusema kwamba maji yatangulie.

Na kemia ni sehemu tu ya shida yenyewe. Inapovuma kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, mvua hukatika, na jabia ya kijiji, yaani birika la kukusanyia maji ya mvua, ambayo ndiyo tegemeo la nyumba zote, hushuka mpaka mchotaji akasikia ndoo ikigonga sakafu. Shule haiwezi kutangulia mbele ya mama mwenye mtoto mchanga, wala haitaki. Basi wasichana wetu hutoka baada ya sala ya alfajiri, kila mmoja na dumu la lita 20, wakapanga foleni, na kengele ya kwanza hulia wangali njiani. Tulipoipitia rejista ya mahudhurio mstari kwa mstari tuliona kwamba majina ya wasichana yanayokosekana huongezeka katika miezi hiyo hiyo. Wengine hukosa kuja shule wakiwa katika siku zao za mwezi, kwa kuwa choo kisicho na maji si mahali pa kumweka binti kutwa nzima. Mama mmoja katika Baraza alisema hayo waziwazi mbele ya wanaume, na tunamheshimu kwa ujasiri wake.

Mheshimiwa, nyuma ya darasa la Kidato cha Tatu pana msingi wa mawe na saruji, umepigwa lipu, umesawazishwa kwa pimamaji, hauna nyufa. Wazazi waliujenga kwa mikono yao. Waliujenga kwa sababu mgeni wa heshima wa mwaka mmoja alisimama hapa iliposimamishwa meza yako, akasema kwamba tangi kubwa litafika kabla ya vuli, na sisi tukaona ni aibu tangi lifike likose pa kukaa. Vuli ilikuja ikapita. Mgeni aliyefuata aliuona msingi ule, akasikitika, akasema kwamba yeye ataleta matangi mawili. Tumeandika barua, tumepeleka nakala, tumesafiri. Upande mmoja tumeambiwa kwamba shule za sekondari ni jukumu la serikali ya taifa, na upande wa pili kwamba maji ni jukumu la kaunti. Yote mawili ni kweli, nasi tumeyasoma katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Msingi ungali mtupu, na wanafunzi huanika sare juu yake.

Hatusemi haya ili kumvunjia mtu heshima. Tunayasema kwa sababu ahadi ile ilitugharimu fedha. Baada ya kuahidiwa tangi, Baraza liliyaondoa maji katika orodha, likashauri fedha kidogo tulizokuwa nazo zitumike kuezeka upya darasa moja, kwa imani kwamba suala la maji limekwisha kupata mwenyewe. Lau tungejua, tungeanza na maji, hata kwa tangi dogo. Ahadi inapotolewa mbele ya wazazi, sisi huihesabu kama mapato, na isipotimizwa tunakuwa tumeharibu mpango wa mwaka mzima kwa kumwamini mgeni wetu. Kwa hiyo Baraza limepitisha kanuni kwamba kuanzia sasa hakuna ahadi itakayoingizwa katika hesabu mpaka mzigo uwe umeshushwa gatini. Tunakuomba radhi ikiwa kanuni hiyo inasikika kavu.

Ombi letu ni matangi matatu ya lita 10,000 kila moja, pamoja na gharama ya kuyasafirisha kwa jahazi mpaka hapa. Hesabu yake tumeifanya. Paa la madarasa mawili lina urefu wa mita 16 na upana wa mita 8, yaani mita mraba 128. Kila milimita moja ya mvua ikilinyeshea hutoa lita 128, na tukiondoa zinazomwagika na kukauka hubaki kama lita 100. Basi milimita 100 za mvua hujaza tangi moja, na Mei peke yake, ambao ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi huku kwetu, huzidi kiwango hicho. Mifereji ya paa wazazi wamekubali kuinunua, fundi atafanya kazi bila malipo, na baraza la wanafunzi limejitolea kusafisha paa kabla ya masika na kuyafunga matangi kwa kufuli, funguo zikae kwa mwalimu wa zamu. Msingi mmoja upo. Miwili iliyobaki tutaijenga siku tutakayoyaona matangi.

Yapo maombi mengine, ya vifaa vya maabara na lango, ambayo tumeyaambatisha katika karatasi ya pili. Tunakusihi usiisome karatasi hiyo leo.

Tunakuomba mambo mawili kabla ya chakula. La kwanza, uandamane nasi hatua chache mpaka nyuma ya Kidato cha Tatu, uuone msingi kwa macho yako. La pili, katika kitabu cha wageni, chini ya jina lako, uandike ni kipi unachokiweza na mwezi gani kitafika. Na kama hakiwezekani, tafadhali andika hivyo hivyo, nasi tutakushukuru kwa dhati, kwa kuwa Baraza linakutana Jumamosi ijayo na fungu la muhula huu bado halijapangiwa kazi.

Wabillahi taufiq, wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katibu, kwa niaba ya Baraza la Ushauri