Juu ya nini hakuniomba miye?

Jambo Tantine,

Nakuandikia ni saa kumi ya usiku, kuran ya umeme ilikatika tangu saa mbili, batoto banalala, bwana yangu eko ku kazi, na batri imebaki 31, kwa hiyo ukiona barua imekatika katikati ujue ni hiyo. Sijalala. Ni ile tu mambo ya mariaje ya mudogo yangu. Batu bananiambia Yaya, mariaje ilipita, ni miezi mbili sasa, juu ya nini unaiweka ku roho. Ata mi najua ilipita. Lakini hakuniomba nimupake uso.

Wewe unajua vile kwetu mukubwa njo mama ya pili. Miye nilimubeba ku mugongo. Miye nilimusuka nywele mpaka akamaliza masomo. Siku ya kupakwa uso yake, akaenda kutafuta makiyeze wa mjini, wa kupamba mabibi harusi, dola 80, na miye akanipa kazi ya kuchunga sanduku ya bahasha za zawadi. Ya bahasha, Tantine!

Niseme ukweli mbele mutu mwengine akuambie: mi si makiyeze. Mi napaka sura na rangi, kama michoro. Ilianza 2010, siku Mazembe, timu yetu ya mpira, inapiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, Katuba nzima, hapa kwetu Lubumbashi, ilikuwa nyeusi na nyeupe, na miye nilipaka bakuzini yangu kumi na moja na makala ya kusaga, chaki ya masomo na mafuta ya kupikia. Bakajikuna siku tatu. Mama alinichapa, lakini njo siku nilijua kama mukono yangu inaweza. Sasa nina rangi za kweli, zile za kulowesha na maji, mutu akivuka mupaka ya Zambia ku Kasumbalesa nampa pesa ananiletea moja moja. Batoto bakilala najikalia mbele ya kiyoo. Mwezi ya tano nilijifanya malakiti, lile jiwe letu ya kijani: unaweka kijani nyepesi na eponje, maji kidogo sana, ikiwa nyingi inatiririka, kiisha unachukua pinso nyembamba na kijani nzito unazungusha miviringo, moja ndani ya ingine, kutoka ku shavu mpaka ku jicho, bila kupumua. Masaa matatu. Bamisri ba zamani balisaga jiwe yenyewe bakajipaka ku macho, miye sijaribu, ile ni vumbi ya shaba, natumia rangi tu. Napiga foto, nanawa na sabuni, nalala. Asubuhi bwana yangu ananiambia kuko kijani ku sikio.

Ni hiyo tu. Hakuna pesa ndani. Kukiwa aniverseri ya batoto naitwa, napaka chui na vipepeo, eponje moja mutoto moja juu ya magonjwa ya macho, na mutoto ya chini ya miaka mitatu simugusi ata mama yake alie. Sikulipishaka mutu.

Najua utaniuliza. Ndiyo, nilisemaka. Mbele ya familia nzima nilisemaka kama miye sifanyi mabibi harusi, kazi ya mabibi harusi ni kumufanya mutu afanane na mutu mwengine, haina roho. Nilisema. Lakini kusema vile na kuombwa ni vitu viwili! Angekuja tu, angesema Yaya najua haupendi lakini siku yangu nipake. Ningekataa, sawa. Lakini angekuwa ameniomba. Yeye akamwambia kuzini yetu, na kuzini akaniletea vile vile, eti ya Yaya ni ya batoto na ba-chui.

Sasa foto zilikuja. Za mchana, za nje, ni muzuri sana, siwezi kusema kitu. Lakini zote za usiku, za mu sale ya karamu, uso yake ni nyeupe. Shingo yake mwenyewe, mikono yake mwenyewe, na uso ya mutu mwengine. Ku nyumba ya bwana yake bakacheka, eti mulituletea bibi harusi wa kupakwa pemba, ule udongo mweupe. Kiisha bakaacha kucheka, mama mukwe akasema hii ni sura ya mufu, haiwezi kutoka vile bure. Tantine, unajua vile neno kama hiyo inatembea. Sasa kwetu shangazi anauliza nani aligusa vitu yake ile asubuhi, nani alileta ile pudre, mama anamupeleka ku maombi kila siku ya tatu, na yule makiyeze hajibu tena telefone juu banamutukana, kuko na benye banasema ni mulozi. Ni kasichana ka miaka 23 hivi. Alisahau kula ile siku, nilimupa mukate miye mwenyewe.

Si bulozi. Ni pudre.

Mikono yake ni muzuri, sitamusingizia, nyusi alizitengeneza kuliko mimi. Lakini mwisho akatoa kale kasanduku ka pudre nyeupe pee, laini kama hewa, ya silice, ile madini ya muchanga, akaiweka mingi, chini ya macho, ku paji, ku kidevu. Ile pudre inakunywa jasho na ku ngozi inapotea, kwa macho ya kawaida huioni kabisa. Flashi ikigonga njo inarudisha mwanga yote. Kila mutu anapaka uso anajua, unajaribisha na telefone mbele mutu hajatoka.

Na miye nilijaribisha. Nilipiga foto moja na flashi. Moja. Nikaona. Nikapiga ya pili bila flashi, murembo. Nikafuta zote mbili.

Mu sakoshi yangu kulikuwa pinso kubwa ya kupangusa na pudre ya rangi yake, ya rangi yake Tantine, juu mi na ye ngozi ni moja. Kazi ya dakika tano. Ye akageuka ku kiti akaniuliza, Yaya, niko je? Nikamwambia uko muzuri. Na alikuwa muzuri! Sikumudanganya. Ile saa alikuwa muzuri. Na kiisha ningesema nini, niingilie kazi ya mutu ameshalipwa dola 80? Bangesema Yaya eko na wivu. Mutu ya kuchunga bahasha anajua nini ya pudre? Nilifikiri pengine muntu wa foto hatatumia flashi. Hapana, sikufikiri vile. Sijui nilifikiri nini. Hakuniomba, njo nilifikiri.

Juzi alikuja hapa. Peke yake, bila kuniambia. Alikuwa amekonda. Akakaa ku jikoni, nilikuwa nasonga bukari, akasema bwana yake amekubali bavae tena, barudie foto za usiku hata kumi tu, siku ya posho hii, Jumamosi, na safari hii hataki makiyeze, hataki mutu wa nje kugusa uso yake. Akasema, Yaya, nipake wewe.

Unajua nilimujibu nini? Nikamwambia miye sifanyi mabibi harusi.

Hakulia. Aliniangalia tu, akakula bukari yake, akaenda. Lakini rober yake ya harusi aliiacha.

Sasa nikimupaka, nitamupaka muzuri, hiyo sina woga, lakini ataona foto zinatoka safi na ataniuliza Yaya, ulijuaje kama ni pudre. Na nikimwambia nilijua, ataniuliza tangu lini. Nikinyamaza, kale kasichana kataitwa mulozi mpaka lini, na mama ataendelea kumufungisha mudogo yangu chakula juu ya maombi ya kitu kinaondoka na pinso. Bwana yangu sijamwambia. Wewe njo wa kwanza. Usinijibu kama nina wivu, hiyo nimeshajiambia miye mwenyewe, na pia si wivu tu, ye pia alikosa, ungekuwa wewe ungefanya nini na ile sanduku ya bahasha ku magoti?

Tafazali nijibu mbele ya posho. Rober iko hapa nyuma ya mulango, mu plastiki, na kila mutoto akiamka kwenda kukojoa inapiga kelele.

Yaya wa Katuba