Kilomita 17,000: Kwa Nini Tiketi Yetu Inasema Saa 24

"Mnaniibia saa tano." Ndivyo alivyotuandikia mteja wiki iliyopita, na picha ya kikokotoo cha umbali juu yake: Sydney hadi London, kilomita kama 17,000, ndege inakwenda 900 kwa saa, jibu, saa 19. Tiketi tuliyomkatia sisi mawakala wa safari ni ya saa 24. Si wa kwanza kulalamika, basi tujibu hapa.

Kikokotoo hakidanganyi. Kinapima uzi uliovutwa juu ya tufe, kana kwamba ndege haitui popote. Lakini hadi tunaandika haya, hakuna ndege ya abiria ya moja kwa moja kati ya miji hiyo. Perth, magharibi mwa Australia, hadi London ipo tangu 2018, kilomita 14,500 na takriban saa 17. Ukianzia Sydney lazima ushuke njiani, kwa mfano Singapore au Dubai, usubiri.

Halafu kuna upepo. London hadi New York ni kilomita kama 5,500, uwe unakwenda au unarudi, ila kwenda unakaribia saa 8 na kurudi unaweza kutumia pungufu ya 7, kwa sababu upepo wa juu unavuma kuelekea mashariki. Na kuna anga zilizofungwa: tangu 2022 ndege ya Helsinki kwenda Tokyo inaizunguka Urusi, na saa 9 zimekuwa kama 13. Uzi wa kikokotoo haujabadilika hata kidogo.

(Saa za kwenye tiketi ni za kila mji. Kutoka 15:00, kufika 05:00 kesho yake si saa 14. Tumeshagombana na watu kwa hili.)

Kinachotuumiza zaidi ni wanaojiundia safari. Mmoja alichukua ratiba tuliyomwandalia, akaenda kununua tiketi mbili mbalimbali, nafuu kuliko yetu, nafasi ya saa moja na dakika ishirini katikati. Ndege ya kwanza ikachelewa dakika hamsini. Begi lake halikuunganishwa, kwa hiyo ilibidi apite uhamiaji, alisubiri kwenye mkanda wa mizigo, alikimbilia kaunta na kukuta imefungwa. Kwa shirika la pili yeye ni abiria ambaye hakutokea, nauli imekwenda. Alinunua nyingine usiku uleule, kwa bei ya usiku uleule, kisha akatupigia simu tumtetee. Tungemtetea kwa tiketi gani? Zingekuwa tiketi moja, shirika ndilo lingemtafutia kiti kingine.

Ndiyo, tunatoza ada. Ni ya kukagua terminali, viza ya kupitia, begi linaishia wapi, na kukataa miunganiko inayoruhusiwa kwenye kompyuta lakini miguu haiiwezi.

Yule wa saa 24 tumemwonyesha pia safari ya saa 22, yenye dakika 55 za kubadili ndege. Akaitazama kwa muda, akauliza: "Na begi langu je?"